Anne alipomchapa Anthony Pye: jibu kwa mwalimu aliyekikasirikia kitabu

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Nimelifupisha: "Nina mwaka wa pili kazini. Nilipokuwa sekondari nilisoma Anne of Green Gables nikakipenda mno, na nadhani kimechangia mimi kuchagua ualimu. Likizo hii nimesoma mwendelezo wake, Anne of Avonlea, kwa sababu humo Anne naye ni mwalimu. Nimeudhika. Anaapa hatampiga mtoto, kisha anampiga, na mtoto anaanza kumpenda kwa sababu kapigwa! Mwandishi anatuambia kiboko ndiyo dawa? Na mbona kitabu hakina kisa kimoja, ni vituko tu vimefuatana? Nina klabu ya kusoma shuleni. Niwape au niache?"

Mwalimu, nianze na jibu halafu nilitetee. Hapana, L. M. Montgomery hasemi kiboko ndiyo dawa. Amefanya jambo gumu kumeza kuliko hilo: amemwacha Anne bila jibu. Kosa la kitabu lipo na nitalitaja, ila haliko pale ulipolionyesha wewe.

Kwa ambao hawajakisoma, mambo yako hivi. Anne Shirley, yule yatima wa kisiwa cha Prince Edward, mashariki ya Kanada, sasa ana miaka 16 na nusu. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza, kilichotoka 1908, mzee Matthew aliyemlea alifariki ghafla siku aliyopata habari kwamba benki yenye akiba yao yote imeanguka. Marilla, dada yake Matthew, macho yanamsumbua. Anne akaacha nafasi ya kwenda chuo kikuu ili abaki naye, na Gilbert Blythe, mshindani wake wa tangu utotoni, akamwachia shule ya Avonlea, yeye akaenda kufundisha White Sands. Kwa hiyo Anne anafundisha kijijini kwake, katika shule ya chumba kimoja, watoto wa kila umri pamoja, na baadhi yao majuzi tu walikuwa wanafunzi wenzake. Wewe hujahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Kabla ya muhula kuanza, vijana watatu wanaoanza ualimu pamoja, kila mmoja shule yake, wanabishana. Jane Andrews hana mashaka: asiyetii atachapwa. Nia yake ni kuustahili mshahara wake, kuwaridhisha wasimamizi wa shule, na jina lake liingie kwenye orodha ya heshima ya mkaguzi. Zaidi ya hapo hatamani kitu. Gilbert yuko katikati. Kwake fimbo ibaki kuwa njia ya mwisho kabisa. Anne anakataa katakata. Anaamini kila mtoto ana mlango, na ufunguo wake ni upendo. Vyumba vya walimu nilivyopita vyote vina Jane wao, Gilbert wao na Anne wao, na Anne kwa kawaida ndiye aliyeajiriwa juzi.

Halafu kuna Anthony Pye. Ukoo wa Pye Avonlea nzima imeshauhukumu kabla mtoto hajafungua mdomo. Anthony ana lake pia: amekwisha sema kwamba walimu wa kike hawafai kitu. Anne anamfuata miezi kwa upole, naye hasogei hata hatua.

Sura ya 12 ndiyo iliyokuudhi, ile ya siku ya mkosi. Soma tena kurasa zile taratibu na uangalie jinsi Montgomery alivyozipanga. Usiku Anne hakulala kwa maumivu ya jino. Asubuhi ni ya baridi kali, darasa limejaa moshi kwa sababu moto umegoma kuwaka. Mtoto mmoja anajikwaa kwenye ndoo ya makaa, makaa yanatapakaa sakafuni. Kisha Anne anamwona mwingine na kifurushi, anadhani ni vitafunwa alivyokwisha kuvipiga marufuku, anaamuru kitupwe motoni. Ndani ni fataki. Unaweza kufikiria kilichofuata. Darasa linapotulia anafungua droo ya meza yake, panya anaruka kutoka ndani. Anauliza nani kaweka. Anapomfikia Anthony, Anthony anajibu kwa ujeuri kwamba ni yeye. Hapo ndipo fimbo inapochukuliwa, na mwandishi hafichi kwamba anachapwa kweli kweli, mpaka ule ukaidi unamwishia.

Mtoto yule kasema kweli mara tu alipoulizwa. Jino si lake, moshi si wake, fataki si zake. Analipia siku nzima. Montgomery angeweza kuandika Anthony afanye ubaya mkubwa asubuhi iliyo tulivu, tukakubali kwamba mwalimu hakuwa na njia. Badala yake amekusanya visababu visivyomhusu mtoto, kimoja juu ya kingine, kisha akatuonyesha vyote vinamshukia mgongoni. Mwalimu yeyote aliyewahi kuchapa akiwa na hasira anaujua ukurasa ule kwa ndani, hata kama hasemi.

Anne anarudi nyumbani akalia, akamweleza Marilla kwa aibu. Kesho yake anakutana na Anthony njiani. Kijana anagusa kofia, anaomba ambebee vitabu. Kisha Jumamosi anakuja Bi Rachel Lynde, ambaye habari za kijiji hazimpiti, na taarifa kwamba Anthony sasa anakiri mwalimu anafaa japokuwa ni msichana, maana kipigo kile kilikuwa sawasawa na cha mwanamume. Anne hafurahi. Anasema hakutarajia kumpata kwa kumchapa, kwamba jambo hilo haliko sawa, na kwamba nadharia yake ya upole haiwezi kuwa ya uongo. Bi Lynde anamjibu kwamba ukoo wa Pye hauingii katika kanuni yoyote. Jirani, Bwana Harrison, anasema alijua tu atafika hapo. Jane anamtania bila huruma.

Sasa jiulize nani anasherehekea. Bi Lynde, Harrison na Jane, watu watatu ambao tangu mwanzo wa kitabu tumefundishwa kuwapenda bila kuwaamini katika mambo ya watoto. Bi Lynde ndiye mwenye falsafa ya mchelea mwana kulia, na miaka michache nyuma, siku ya kwanza kumwona Anne, alimwambia Marilla amchape kwa ufito. Marilla hakufanya hivyo, na Anne tunayemsoma ni matokeo ya kutofanya hivyo. Mwandishi anayetaka kukisifia kiboko hawezi kumpa Bi Lynde kazi ya kukisifia.

Tena angalia Anthony amesifu nini. Hasemi amejua kosa lake. Hasemi panya hafai kuwekwa kwenye droo. Anachosema ni kwamba mwanamke huyu anapiga kama mwanamume. Tatizo la Anthony tangu siku ya kwanza lilikuwa dharau kwa walimu wa kike, na kipigo kimeikubali dharau ile kama ilivyo, kikamtoa Anne peke yake kama mfano wa pekee. Mwalimu wa kike atakayemfuata Anne atakuta Anthony yule yule, na atadaiwa kipigo upya. Nadhani hili ndilo lililokuchoma zaidi ukiwa mwanamke mwenye miaka miwili kazini, na lingekuchoma hata kama Montgomery angeliandika kwa wino mwekundu.

Kuna jambo jingine ambalo mtu anayesoma kitabu cha pili peke yake hulikosa. Rudi kwenye kitabu cha kwanza, kwa Bwana Phillips. Anne alipompasulia Gilbert kibao cha kuandikia kichwani kwa kuziita nywele zake nyekundu karoti, Phillips hakumchapa. Alimsimamisha mbele ya darasa mchana mzima, juu ya kichwa chake ubaoni ameandika kwamba msichana huyu ana hasira mbaya, na jina lake kaliandika vibaya, bila ile herufi ya mwisho anayoithamini. Baadaye akamkalisha na Gilbert kama adhabu, Anne akaacha shule kwa muda. Ndipo akaja Bi Stacy, aliyewatoa watoto nje wakajifunze porini, na Anne akapona. Kwa hiyo msichana anayeingia darasani Avonlea akiwa na miaka 16 na nusu amebeba walimu wawili ndani yake. Nadharia yake yote ya upendo ni Bi Stacy. Siku ile ya jino na fataki, aliyeshika fimbo alikuwa Phillips. Ndiyo maana analia usiku ingawa kijiji kizima kitampongeza.

Unaniuliza pia, kwa maneno uliyoyaandika mwishoni mwa barua, kama tusimhukumu Anne kwa kuwa "zama zile ilikuwa kawaida". Kawaida ilikuwa kweli, na haikuisha upesi kama tunavyopenda kuamini juu ya nchi za watu. Sheria ya jinai ya Kanada ya 1892 iliwaruhusu walimu kutumia nguvu kumrudi mtoto, na ilikuwa mwaka 2004 tu ambapo Mahakama ya Juu ya nchi ile ilipoamua kwamba ruhusa hiyo haihusu kumchapa mwanafunzi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni za 2002 zinaviruhusu, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Mpime Anne kwa kanuni hizo zetu: amechapa akiwa na hasira, hakumwomba mtu idhini, hakuandika popote. Angepatikana na hatia hata katika shule inayoruhusu fimbo. Wala usidhani wasomaji wa 1909, kitabu kilipotoka, hawakuuona mgogoro. Usingewekwa mjadala wa vijana watatu mapema vile katika kitabu kama jambo lingekuwa limekwisha amuliwa.

Basi kosa liko wapi? Liko kwenye umbo la kitabu, na hapa ndipo maswali yako mawili yanapokutana. Unasema ni vituko tu. Ni kweli, lakini vina mtindo mmoja. Ng'ombe wa Anne anaingia shambani kwa Harrison. Siku nyingine Anne anamkuta ng'ombe humo, anamuuza kwa hasira papo hapo, kisha anagundua kamuuza ng'ombe wa Harrison. Anakwenda kukiri, na kutoka hapo wanakuwa marafiki wa kweli. Vijana wanaanzisha chama cha kupendezesha kijiji, wanachangisha fedha za kupaka rangi ukumbi, rangi inakosewa, ukumbi unakuwa wa buluu ya kutisha. Kijiji, badala ya kuwacheka, kinawaonea huruma na kuanza kuwaunga mkono. Kila mara mpango wa Anne unaharibika na wema unatokea kwa mlango wa nyuma. Ni mtindo wa vichekesho, na kwa ng'ombe na rangi unafanya kazi vizuri sana. Sura ya ng'ombe bado inanichekesha. Tatizo ni kwamba Montgomery amemtia Anthony kwenye mashine ile ile. Kipigo cha mtoto kimepata mwisho mwema kwa kanuni iliyoupa ukumbi wa buluu mwisho mwema, na mtoto si ukumbi. Sentensi chache za Anne za majuto zinapambana na umbo zima la kitabu, na umbo lina nguvu kuliko sentensi. Msomaji wa haraka atatoka na kicheko cha Jane. Hilo ni kosa la mwandishi, na halihitaji kutetewa.

Kwa nini aliandika kwa mtindo huo? Sehemu ya jibu ni mchapishaji. Kampuni ya L. C. Page ya Boston ilimwomba mwendelezo kabla hata kitabu cha kwanza hakijatoka, na mkataba wake ulikuwa umemfunga kuwapa vitabu vyake vilivyofuata kwa masharti yale yale. Akaandika akiwa Cavendish, nyumbani kwa bibi yake mzee aliyekuwa akimtunza, katikati ya kazi za nyumba na za posta ya kijiji iliyokuwa humo humo. Kitabu kikatoka 1909. Akihofu kwamba watamtaka aendelee kuandika mpaka Anne afike chuo kikuu, aliandika faraghani kwamba anajiona kama yule mchawi wa hadithi za Mashariki aliyegeuka mtumwa wa jini alilolitoa mwenyewe kwenye chupa. Kitabu cha tatu alikichelewesha hadi 1915. Ukijua hayo, utaacha kukitafutia Avonlea kisa kimoja kikubwa. Ni miaka miwili ya mwalimu kijana, na miaka miwili ya kufundisha haina kisa kikubwa, ina Jumatatu.

Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba mwandishi aliijua kazi yenyewe. Alisoma ualimu Charlottetown, akamaliza kozi ya miaka miwili kwa mwaka mmoja kama Anne, kisha kati ya 1894 na 1898 akafundisha shule tatu za vijijini kisiwani: Bideford, Belmont na Lower Bedeque. Alipokuwa Belmont alikuwa akiamka saa kumi na mbili asubuhi, kabla moto haujawashwa ndani, anavaa koti zito, anakalia miguu yake isigande, anaandika hadithi kwa mwanga wa taa mpaka muda wa shule. Alisimulia hayo mwenyewe mwaka 1917. Kitabu cha Avonlea alikitunuku kwa Hattie Gordon Smith, aliyekuwa mwalimu wake Cavendish, kwa kumshukuru kwa huruma na kumtia moyo. Kabla ya huyo alikuwa na mwalimu mwingine ambaye hawakupatana kabisa, na aliyekuwa akiishi nyumbani kwao, kwa hiyo hata jioni hakupata nafuu. Nakwambia hivi ili uone kwamba Phillips na Stacy hawakutoka hewani.

Ujuzi huo unaonekana zaidi pale ambapo hakuna drama. Siku ya kwanza, Anne ameandaa hotuba nzuri ya kuwafungulia watoto malengo ya maisha. Anasimama mbele yao, hotuba yote inayeyuka, anaishia kuwaambia kwa sauti ndogo watoe Agano Jipya wasome. Katika sura ya 11 anawaagiza watoto wamwandikie barua kama zoezi la insha, na mmoja anamletea barua tamu ajabu, kumbe kainakili kutoka barua ya mapenzi ambayo mama yake aliandikiwa zamani na mchumba, akabadilisha neno hapa na pale ili imfae mwalimu. Mtu ambaye hajasahihisha madaftari hawezi kubuni hilo.

Na kama unatafuta mahali ambapo nadharia ya Anne inapimwa kwa haki, usibaki shuleni, nenda nyumbani kwa Marilla, kwa mapacha Davy na Dora. Wana miaka sita, mama yao kafariki, Marilla ni ndugu wa mbali na amewachukua. Dora hana kosa hata moja. Davy ni balaa: anamtia mtoto wa watu kiwavi shingoni kanisani, anamfungia Dora kwenye kibanda cha vifaa cha jirani halafu anaungana na watu kumtafuta kana kwamba hajui. Anne anapogundua uongo ule anaumia kuliko alivyoumia kwa panya, lakini hapa hana jino linalomuuma, na anagundua jambo ambalo hakulifikiria: Davy hakuwahi kuelezwa na mtu kwamba kusema uongo ni kubaya. Anamweleza. Inachukua kitabu kizima, na bado hajaisha. Hakuna kofia inayoguswa njiani kesho yake.

Kisha kuna mazungumzo ambayo ningeyabandika ukutani katika kila ofisi ya walimu. Marilla anakiri kwamba anampenda zaidi Davy ingawa Dora ndiye mwema, na anaona si haki. Anne anafikiri kwamba tunawapenda wanaotuhitaji, na Davy anatuhitaji sana. Marilla anakubali kwamba anahitaji kitu, na kwamba Rachel Lynde angesema kitu hicho ni makofi. Ona jinsi Montgomery anavyomrudisha Bi Lynde na fimbo yake, safari hii bila kumpa ushindi. Lakini mimi hubaki na Dora. Mtoto mtulivu, anayefanya kila alichoambiwa, ambaye hakuna anayemhitaji wala yeye hahitaji mtu, kwa hiyo hapendwi sana na hata msomaji anamsahau. Darasa lako la watoto 60 au 70 lina akina Dora wangapi? Kitabu kinawaona, kinakiri, kisha kinaendelea na Davy. Ukitaka kukikosoa, hapo pana hoja nzito kuliko kwa Anthony.

Paul Irving simpendi, niseme wazi. Mtoto mwenye njozi, anayezungumza na watu wa kuwaziwa kwenye miamba ya pwani, mwenye kumtazama mwalimu kama malaika. Montgomery anadhani anatupa ushahidi kwamba upendo unafundisha. Mimi naona mwalimu na kipenzi chake. Kumpenda Paul hakukumgharimu Anne chochote. Visa vya harusi vya mwisho, baba yake Paul na yule bibi wa nyumba ya mawe aliyemsubiri miaka yote, unaweza kuvipitia haraka bila hasara.

Jambo moja la kukuepusha na kuchanganyikiwa. Wengi hunieleza wanaukumbuka mgogoro wa Anne na ukoo wa Pringle na mwalimu mwenzake mkali, Katherine Brooke, wakidhani ni wa kitabu hiki. Hao wametoka Anne of Windy Poplars cha 1936. Filamu ya televisheni ya Kanada ya 1987 iliyofuata ile ya 1985 ilivichanganya vitabu vya pili, cha tatu na hicho kuwa kisa kimoja. Tamthilia mpya ya 2017 hadi 2019 yenyewe haikuufikia ualimu wa Avonlea.

Kuhusu klabu yako: wape, lakini usiwape chote. Kiingereza chake ni cha miaka zaidi ya 110 iliyopita, kimejaa mashairi ya watu, na tangu ukurasa wa kwanza kinamtaja Virgil, mshairi wa kale wa Kilatini, na watoto wa darasa la sita au la saba watachoka kabla ya kumfikia ng'ombe. Wasomee wewe kwa sauti, uwatafsirie kadiri mnavyokwenda. Anza na kisa cha ng'ombe ili wacheke. Kisha mjadala wa vijana watatu katika sura ya 4, halafu siku ya kwanza ya shule katika ya 5. Ukifika sura ya 12, soma mpaka mahali Anthony anapokiri, ufunge kitabu. Waambie waandike barua ambayo Anthony angemwandikia mwalimu usiku ule, wasiweke majina yao. Usizisahihishe. Zisome peke yako nyumbani kwanza, kwa sababu baadhi hazitakuwa za Anthony. Kipindi kinachofuata endelea pale mlipoishia, uwasomee alichosema Bi Lynde, na uone watacheka na nani.

Wewe mwenyewe, ukimaliza hasira, tafuta hicho cha 1936. Anne ni mkuu wa shule ya sekondari Summerside, mji wa ukoo wa Pringle umeamua kumfukuza, na hatumii fimbo hata mara moja. Montgomery alikuwa ameshafikisha miaka 60 alipokiandika. Sura za Katherine Brooke, mwalimu aliyeichukia kazi yake na hakuwa na pa kwenda sikukuu ya Krismasi, ndizo bora kuliko zote alizowahi kuandika juu ya walimu.